Filamu Niliyoikatisha Kabla Haijaisha

Kwanza acheni kuniita legendi. Juzi kijana mmoja pale Makanyagio, hapa Mpanda, kaniamkia, "Shikamoo legendi," halafu akaniuliza zamani tulikuwa tunatafsiri filamu kwa kompyuta gani. Kompyuta! Bwana wee, mimi nilikuwa na maiki niliyoivalisha soksi ya mtoto, spika moja yenye tundu, na koo langu. Kompyuta ndiyo hiyo.

Najua mnaosoma hapa ni nyie mnaotia sauti za Kiswahili kwenye vipande vya filamu na kuvirusha mtandaoni. Nawasikia. Wengine mna sauti nzuri kuliko yangu ya ujanani, sisemi uongo. Binti yangu Sofia ndiye kaniambia niandike, maana kila nikisikia kipande chenu kimekosewa napiga kelele sebuleni peke yangu, na mama yake kachoka. Kwa hiyo nawaandikia nyie, mke wangu apumzike.

Nimefanya kazi hii karibu miaka thelathini. Banda langu lilikuwa la mabanzi na bati, mabenchi yasiyo na egemeo, na televisheni ya chogo ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli. Watu walikuwa wanaliita kibanda umiza, na mwenye kukaa kwenye yale mabenchi saa tatu hahitaji kuelezwa kwa nini. Filamu iwe ya Kihindi, ya Kichina au ya Wazungu, mimi, Dj wao, nakaa kando ya televisheni, maiki mkononi, nawasemea wote waliomo: bosi, mwizi, mama, mtoto. Hata mbwa akibweka kivivu nilikuwa namsaidia.

Aliyenifundisha anaitwa Sadoki. Kabla ya filamu alikuwa mnadi wa ng'ombe, yule anayesimama kwenye uzio mnadani na kupiga kelele mpaka mishipa ya shingo inasimama. Magoti yalipomchosha akatafuta kazi ya kukaa. Sadoki alikuwa mkali, nyie msingemuweza. Filamu lazima uitazame mara tatu kabla hujamwonyesha mtu. Mara ya kwanza ucheke wewe, umalize kicheko chako nyumbani. Mara ya pili uwajue watu, nani ndugu ya nani. Mara ya tatu uzime sauti uangalie midomo. Maji ya baridi marufuku, unakunywa uji wa vuguvugu. Maiki inakaa kidevuni, maana ukiibandika mdomoni kila "p" inalia kama bunduki, na nyie wengi mna ugonjwa huo mpaka leo. Wanaobusiana, unakohoa mpaka wamalize, kwa sababu benchi la mbele wamekaa baba mkwe na mkwe wake.

Na kila mtu mpe mdomo wake. Tajiri wa kwenye filamu mimi nilikuwa namsemesha kama mfugaji wa Kisukuma aliyetoka mnadani anacheka. Mwizi anaongea kama mtoto wa Dar. Mama mkwe lazima awe Mfipa, sijui kwa nini, ila watu walikuwa wanavunjika mbavu, Wafipa wenyewe wakiwa wa kwanza.

Siku yangu ya kwanza kushika maiki peke yangu niliharibu vibaya. Filamu ilikuwa na wanawake wawili waliofanana, mimi nikawachanganya. Mwanzoni nikawaambia watu huyu ni dada yake stelingi. Stelingi ni yule mhusika mkuu, kama mmesahau lugha yetu. Basi tukaenda vizuri, ngumi zikapigwa, mabomu yakalipuka, dakika kumi za mwisho stelingi anamvisha pete dada yake na padri anawabariki. Banda zima likasimama. "Dj, anamuoa dada yake?" Mzee mmoja akavua kiatu. Sadoki akaninyang'anya maiki na kusema kwa sauti ya mnadani: "Tulieni! Jana hospitali imetoa majibu, hawa si ndugu, walibadilishiwa watoto." Watu wakapiga makofi. Hospitali yenyewe haikuwemo kwenye filamu hata kwa dakika moja.

Mimi nilicheka siku ile, na nikajifunza kitu kibaya. Nikajua kwamba hakuna kosa ambalo mdomo hauwezi kulifunika. Sadoki alilifunika kosa langu mara moja kwa sababu ya kiatu cha yule mzee. Mimi nikageuza kuwa mtindo. Filamu ikipoa, naongeza. Ikichanganya, nabadilisha. Watu wakanipenda, na banda likajaa kila Jumapili mchana watu wakitoka misa na ibada.

Sasa nawaambia habari ya Nestori. Hii ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Yale ya maiki na uji mngeweza kuyajua wenyewe.

Nestori alikuwa kijana wa bodaboda, kijiwe chao kilikuwa ng'ambo ya barabara, kinatazamana na banda langu. Baba yake, Mbende kwa kabila, wa kijiji cha Kapalamsenga kule ziwani, alishafariki. Mama yake anatoka kwenye zile familia zilizokuja zamani kutoka Burundi, analima mpunga Mwamkulu. Kijana mwenyewe alikuwa na kicheko cha ajabu, kinaanza kama kikohozi halafu kinapasuka. Nilikuwa napimia filamu kwake. Nestori akicheka dakika tano za mwanzo, najua leo watu hawatoki. Alikuwa akikaa benchi la pili, mguu wa kulia kaunyoosha. Nikimuuliza, ananijibu, "Pikipiki iliniangukia, Mzee Dj. Utaisha." Hapo juu ya goti palikuwa pamevimba, ukiangalia suruali unaona.

Filamu yenyewe nililetewa kwenye flash na jamaa mmoja aliyekuwa akitoka Tabora. Ilikuwa ya huko Asia, maandishi ya Kiingereza chini. Inachekesha na inaliza. Kijana mmoja, kazi yake kubeba masinia kwenye kumbi za harusi, anaumwa goti. Anapimwa, daktari anamwambia ana kansa ya mfupa. Baba yake ana gari la kusambazia mikate na hajui kuendesha sawasawa, ndiye anayempeleka hospitali kila wiki, na kila wiki wanapotea njia. Kuna mahali baba anaingia wodi ya wazazi na kofia yake ya mikate, manesi wanamkabidhi mtoto. Kuna mahali kijana anatapika ndani ya kreti la mikate, baba anasema hiyo tutampelekea mwenye nyumba. Nilicheka mpaka machozi. Katikati kijana anachoka na dripu, anatoroka, anaenda kwa bibi yake mlimani. Anakunywa supu, wanacheka, jua zuri, mbuzi wanapita. Nilifika hapo nikazima. Niliitazama mara moja tu, na hiyo mara moja sikuimaliza. Nilikuwa na miaka mingi kazini, nikajiona nimeshahitimu.

Neno kansa nililiona kwenye maandishi, nikalielewa vizuri kabisa. Msije mkadhani Kiingereza kilinipiga chenga. Lakini nilikuwa na uzoefu nalo. Kabla ya hapo niliwahi kulitaja kwenye filamu nyingine, mama mmoja akainuka akatoka analia, nyuma yake wakatoka jirani zake, nyuma yao wakatoka waliotaka kujua kuna nini. Nikabaki na watu sita. Kwetu watu wanasema "ugonjwa ule", hawautaji, na mimi niliogopa benchi tupu kuliko nilivyomwogopa Mungu. Kwa hiyo Jumapili ile, daktari alipofungua mdomo kwenye televisheni, nikasema kwa sauti nzito: "Kijana, mguu wako hauna ugonjwa. Umetupiwa jini. Kuna mwenzako kazini anakuonea wivu kwa jinsi unavyobeba masinia."

Banda likalipuka. Kuanzia hapo nilikuwa sishikiki. Mashine ya kupimia nikaiita ramli ya umeme. Dripu nikasema ni dawa ya kizungu inagombana na jini ndiyo maana anatapika. Kijana alipotoroka kwenda mlimani, watu walimshangilia. Bibi nikamfanya mganga, supu nikaifanya dawa, nikasema jini la mguu haliwezi kukaa mahali penye kicheko, likisikia mtu anacheka linahama. Kwenye filamu bado kulikuwa na karibu saa nzima. Joto lilikuwa kali, watoto wameanza kupiga miluzi. Nikasimamisha picha pale pale kijana anacheka na bakuli mkononi. "Akapona kabisa! Stelingi hafi! Mwisho!"

Nestori alicheka siku ile kuliko wote. Akaja kunishika mkono. "Mzee Dj, hii kali. Hii kali sana." Mimi nikaenda kunywa uji wangu.

Baada ya hapo sikumuona kijiweni. Nikawauliza wenzake, wakasema kaenda kwao ziwani kupumzika. Sikuuliza zaidi. Kama miezi mitatu ikapita.

Siku moja mchana nafagia banda, mama yake Nestori akaingia akiwa anasukuma baiskeli. Tope la majaruba lilikuwa limemkaukia miguuni, alitoka shambani moja kwa moja.

"Baba Sofia, nimekuja kukuuliza kitu kimoja, usinifiche."

"Karibu, Mama Nestori. Kaa."

"Sikai. Ile sinema ya kijana wa mguu, ni kweli yule alipona kwa bibi yake?"

Nikauliza kwa nini anataka kujua. Akaniambia. Hospitali ya hapa mjini walishampima Nestori, wakamwandikia barua ya rufaa aende hospitali kubwa haraka, wakamwambia wanahofia kansa ya mfupa na huenda mguu ukafanyiwa upasuaji. Barua ile aliipata wiki ile ile ya filamu. Alikuwa ameshafunga begi. Jumapili akaja kwenye banda langu kupoteza mawazo, akatoka amebadilika. Barua akaiweka chini ya kiti cha pikipiki, pikipiki akamwachia rafiki, akaenda Kapalamsenga kwa bibi yake mzaa baba.

"Nimemwambia mpaka mdomo umekauka," mama akasema. "Ananijibu, Mama, wewe hukuiona. Mzee Dj ameisoma kwa Kiingereza, anajua."

Fagio nilikuwa bado nimelishika. "Mama Nestori, yule kijana hakutupiwa jini. Alikuwa na kansa. Jini nililiweka mimi."

"Kwa nini?"

"Watu wangetoka."

"Mana yanje," akasema kwa Kirundi, anamwita Mungu wake. "Watu wangetoka." Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aligeuza baiskeli, akafika mlangoni akasimama. "Nenda ukamwambie wewe. Mimi nimeshindwa, na mguu sasa hivi unamnyima usingizi."

Nikafunga banda. Nikaenda nyumbani nikakaa na ile flash, nikaitazama filamu yote, mara tatu, kama Sadoki alivyotaka. Na hapo ndipo nilipojua nilichokata. Kule mlimani kijana hakupona. Alizidiwa. Bibi yake ndiye aliyempigia simu baba, baba akaja na gari la mikate, safari hii hawakupotea. Wakamkata mguu. Nusu nzima ya mwisho ni yeye anajifunza kutembea, anagombana na mguu wa bandia, anaurusha dirishani, unamgonga mlinzi. Mwisho yuko ukumbini tena, kabeba sinia, linamponyoka mbele ya bibi harusi, watu wanakaa kimya, yeye anaanza kucheka. Huko ndiko kulikokuwa na filamu. Mimi niliwapa watu nusu ya kwanza na uongo.

Nikaenda kwa nesi jirani yangu na daftari. Nikamwomba anipe maneno, hili linaitwaje, lile linafanya nini. Nesi akaniuliza, "Baba Sofia, unaumwa?" Nikamwambia hapana, najifunza kazi. Umri ule!

Asubuhi nikawasha pikipiki, begi mgongoni na ile televisheni ndogo bapa ya Sofia nimeifunga blanketi. Barabara ya ziwani mnaijua, vumbi, mawe na mteremko unaokata tumbo. Nikafika Kapalamsenga jua limeshapanda. Bibi yake Nestori alikuwa anageuza dagaa kwenye kichanja.

"Shikamoo, bibi. Namtafuta Nestori."

"Marahaba. Wewe ndiye nani?"

"Mimi ndiye wa sinema. Wa Mpanda."

Akaacha dagaa, akaniangalia juu mpaka chini. "Alaa! Ni wewe? Hebu nieleze, mwanangu, ulimfanya nini huyu mtoto? Kila nikimpa supu ya samaki, anacheka peke yake. Hajaonja, anacheka. Nikadhani ugonjwa umepanda kichwani. Ananiambia bibi nitibu. Nimtibu na nini? Mimi si mganga, namkanda na maji ya moto kwa sababu ameniomba."

Niliona aibu, vijana. Aibu ya kutaka kurudi nilikotoka.

Nestori alikuwa ndani. Alikuwa amekonda, na mguu ulikuwa umekuwa mkubwa mpaka kakata suruali. Akafurahi kuniona! Hiyo ndiyo iliyoniuma. "Mzee Dj! Umekuja kunijulia hali? Bado kidogo tu, linahama." Akajaribu kucheka, kile kicheko chake kikaanza kama kikohozi na kikaishia hapo hapo.

"Nimekuja na filamu," nikamwambia. "Ile ile. Niliwaonyesha nusu, tena niliitafsiri uongo."

Akadhani namtania. Nikachomeka kwenye betri ya sola ya jirani, nikaanza. Bibi akaja akakaa, jirani mwenye betri akakaa kulinda betri yake. Sikuwa na maiki. Nilisema kila neno kama lilivyo. Daktari alipofungua mdomo nikasema, "Kijana, una kansa ya mfupa," na sauti yangu ikawa nyembamba, sikuitambua. Kwa baba wa mikate walicheka wote, hata Nestori, maana baba yule hakuhitaji uongo wangu. Tukafika mlimani. Nikasema, "Bibi anamwambia, mjukuu wangu, mimi sina dawa ya hili, nina supu tu."

"Mwambie!" bibi akadakia. "Mwambieni huyo mtoto!"

Tukaendelea mpaka pale wanapomkata mguu. Nestori akasema, "Simamisha." Nikasimamisha.

"Kumbe walimkata."

"Walimkata."

"Na akaishi?"

"Ngoja uone."

Tukaona mpaka mwisho. Mguu wa bandia ulipomgonga mlinzi, jirani alicheka akaisahau betri yake. Nestori alikuwa anatazama tu. Ilipoisha akaniuliza, polepole, "Mbona sisi hukutuonyesha hii?"

"Niliona mtachoka."

"Mlichoka nyie?" bibi akauliza. "Mimi sijachoka."

Nestori akainuka, akashika ukuta, akatoka nje akichechemea mpaka kwenye vichanja vya dagaa. Akakaa huko muda mrefu, ametupa mgongo. Bibi akanizuia nisimfuate. Nikakaa na daftari langu la maneno ya nesi, nikalikunja na kulikunjua. Nilikuwa naomba, wazi kabisa, kama mtoto anavyoomba. Aliporudi hakuniangalia.

"Pikipiki yako ina mafuta ya kurudi?"

"Yapo."

"Barua iko Mpanda, chini ya kiti cha pikipiki yangu. Tupitie pale kwanza."

Safari ya kwenda hospitali kubwa ilituchukua zaidi ya siku nzima. Mama yake alibaki kwa muda kutafuta wa kumwachia wadogo zake Nestori, kwa hiyo niliandikishwa mimi kama ndugu. Nilimbeba mgongoni kwenye ngazi, kijana mrefu vile, miguu inaburuza. Njiani tulizungumza kama kawaida, mpira, bodaboda, nani kaoa. Kuhusu filamu hakusema tena, nami sikusema. Nikajidanganya kwamba tumefika salama na yameisha.

Siku ya nne, baada ya vipimo vyote, madaktari walipita kwenye vitanda. Mkubwa wao alikuwa na wanafunzi kama saba. Alimsalimia Nestori kwa Kiswahili, kwa upole, akamwambia mguu itabidi uondolewe na kwamba wataongea naye vizuri mama yake akishafika. Halafu akawageukia wanafunzi na kuanza kuwafundisha kwa Kiingereza, pale pale miguuni pa kitanda, akiinua picha ya mfupa kwenye mwanga.

Nestori akanivuta shati. "Anasemaje?"

Kiingereza changu ni cha filamu, lakini miaka thelathini si midogo. Nilisikia kila neno. Na nawaambia ukweli, vijana, uongo ulikuwa umeshafika mdomoni. Ulikuwa tayari, umepangwa vizuri kwa sauti yake na kila kitu: anasema wewe ni kijana shujaa, anasema utapona. Ningeusema bila hata kukohoa. Nani angejua? Nestori hasikii Kiingereza. Mama hajafika. Na kijana mgonjwa, amebakiza siku chache akatwe mguu, ukimwambia kitu kitamu nani atakulaumu?

"Anawaambia," nikasema, "kwamba wewe uliandikiwa barua miezi mitatu iliyopita. Anasema siku ile uvimbe ulikuwa bado haujafika kwenye mshipa mkubwa. Ungekuja wakati ule, wangeweza kukata kipande cha mfupa tu. Mguu ungebaki."

Wanafunzi walikuwa wanaandika.

"Anasema bado kuna nafasi nzuri ya wewe kuishi, kwa sababu mapafu ni masafi. Anasema wasipoteze wiki nyingine. Basi. Ndiyo yote aliyosema."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema ile miezi mitatu niliichukua mimi."

Aligeukia ukutani. Siku mbili hakunisemesha. Nikileta uji, anaupokea kwa nesi. Nilikuwa nakaa kwenye benchi la nje ya wodi, na benchi lile lilikuwa gumu kama yangu, nikaona nimestahili. Mama yake alipofika nilimweleza neno kwa neno kama nilivyomweleza mwanawe. Akanisikiliza, akaniambia, "Sawa," akaingia ndani. Kwa muda nilifikiri nirudi tu Mpanda.

Siku ya upasuaji walimtoa na kitanda cha magurudumu, mama upande mmoja. Nilisimama kando nisiwazibie njia. Alipofika usawa wangu akainua mkono, wakasimama.

"Mzee Dj. Uje mpaka mlangoni. Wakiongea Kiingereza niambie chote. Chote, umesikia?"

"Nimesikia."

Nikatembea naye mpaka mlangoni. Waliongea mawili matatu kuhusu damu na presha, nikamtafsiria. Mmoja akasema kwamba wamechelewa kunywa chai, hilo nalo nikamwambia. Akaingia.

Niliporudi Makanyagio niliendesha banda miezi michache, nikaitangaza filamu ile upya, nikasimama mbele bila maiki na kuwaambia watu niliwadanganya, kaeni muione yote. Wengine walitoka nilipotaja kansa. Waliobaki walibaki, na mama mmoja akaniuliza uvimbe wa titi nao unapimwaje. Kidaftari cha nesi kilikuwa mfukoni. Baadaye simu zenu zikaja zikamaliza biashara, na mimi sikuililia sana.

Nyie mnaotia sauti, sina mengi ya kuwaambia. Tazameni mpaka mwisho kabla hamjafungua mdomo. Mkitaka kuchekesha, chekesheni, kazi yetu ni hiyo. Lakini hamjui nani amekaa benchi la pili, na nyie hamlioni hata hilo benchi.

Nestori sasa ana duka la spea za pikipiki, anatembea na mguu wa bandia. Hajawahi kuniambia amenisamehe, na mimi sijamuuliza. Ila kila anapokwenda kupimwa tunakwenda wote, na kila majibu yakitoka ananipa mimi karatasi, ingawa maneno ya hospitali sasa anayajua kunishinda. Mara ya mwisho tulikaa nje, kwenye ngazi. Nikaifungua. Nikaanza kusoma kutoka juu, jina, umri, sehemu iliyopimwa, sikuruka kitu, mpaka mstari wa chini.

"Wanasema hakuna kilichoonekana."

Alikuwa ananiangalia usoni, hakuangalia karatasi.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.